Ndoo ya Sili Zilizokufa

Hotuba kwa mafundi mitambo na wanafunzi wa ufundi, Nyakato, Mwanza

Mwangaluka! Shikamooni wazee wa kazi. Vijana nanyi, hamjambo.

Nimepewa dakika arobaini nizungumze juu ya kuchagua oili sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje pale shafti inayozunguka inapotoka kwenye mashine, na badala ya picha za ukutani nimekuja na ndoo. Walio mbele mnivumilie harufu. Ni oili ya giaboksi iliyooza, na kidogo ni sangara, kwa sababu nusu ya vitu vilivyomo humu vimetoka viwanda vya samaki. Humu kuna sili zilizokufa. Kila moja nimeifungia kikaratasi: imetoka mashine gani, imekaa muda gani, imekufaje. Nimeanza kuzikusanya tangu nifungue duka, na mume wangu ameshanitishia mara mbili kuzitupa mto Mirongo.

Wengi wenu mnanijua kwa kaunta. Kabla ya kaunta nilikaa miaka kumi na miwili kwenye karakana ya kiwanda cha samaki, nashika spana kama ninyi. Kwa hiyo dhambi nitakazozitaja leo nimezitenda zote, za mnunuzi na za muuzaji. Msinione kama nawasema.

Dhambi ya kwanza inaanza hivi. Kijana anashuka kwenye bodaboda, haondoi hata kofia ngumu, anapaza sauti toka mlangoni: "Mama, nipe thelathini na tano, hamsini na mbili, saba!" Nampa. Bei yake haifiki bei ya kuku. Siku ya tisa karudi na maneno: "Mama, zile zako ni feki." Namwuliza ile ya zamani iko wapi. Kaitupa. Namwuliza mashine gani. Hajui, katumwa. Oili gani? Anapiga simu, simu haipokelewi.

Zile namba tatu ni kipenyo cha shafti, kipenyo cha tundu inapokaa sili, na unene wake, kwa milimita. Zinatuambia kwamba sili itaingia. Itaishi muda gani huko ndani ni habari nyingine, na habari hiyo anayo yule marehemu uliyemtupa jalalani. Ndiyo maana siku hizi pale dukani nimeandika kwa chaki: njoo na maiti. Wateja wapya wanashtuka kidogo.

Tuanze kutoa.

Hii ndogo imetoka kwenye injini ya boti. Kikaratasi kinasema: wiki mbili, wiki mbili, wiki tatu. Mwenye boti ni mvuvi wa dagaa. Alikuja akiwa na hasira kwamba oili ya gia ya chini, kule kwenye panga boi, kila akiimwaga inatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yameingia. Alishabadilisha sili mara tatu na sasa alikuwa anatafuta ya bei mbaya, ile ya mwisho kabisa, hela anayo. Nikamwomba ailete sehemu yote ya chini kama ilivyo. Tulipovua panga boi tukakuta, nyuma yake, uzi wa nailoni wa nyavu umejizungusha kwenye shafti mpaka umekuwa bangili ngumu. Kila shafti ikizunguka, bangili ile inasukumwa ndani na kuukata mdomo wa sili, yaani ukingo wake unaogusa shafti. Ziwa letu hili limejaa nyuzi za nyavu chakavu, wala huhitaji kuambiwa. Nilimwuzia sili ileile ya bei ya chini, nikamwambia awe anavua panga boi na kusafisha shafti mara kwa mara. Ukitazama hii kwa karibu, tazama, ipitishe, utaona mdomo umekatwa mduara mzima, msafi kama umepitishiwa wembe. Mpira uliochakaa kwa umri hauwi hivyo. Alama hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye panga boi.

Sasa hii nimeikata vipande kwa msumeno ili mwone tumbo lake. Ndani kuna pete ya chuma. Juu yake mpira umegandishwa. Mpira unaishia kwenye mdomo mwembamba, na mgongoni mwa mdomo kuna springi nyembamba ya duara inayoukumbatia. Kazi ya springi ni kuendeleza lile kumbatio mpira unapoanza kuchoka. Hii nyingine ina mdomo wa pili, mfupi, hauna springi. Huo ni mdomo wa vumbi, nao unatazama nje.

Wengi tunadhani mdomo unaziba kama kizibo cha chupa. Shafti ikiwa imesimama, ndiyo, unaziba. Ikishaanza kuzunguka, mdomo unaelea juu ya utando wa oili wenye unene wa kama mikroni moja. Unywele wa kichwani kwako una mikroni hamsini na kuendelea, kwa hiyo fikiria tunazungumzia kitu gani. Utando huo ukikosekana, mpira unaungua. Ukizidi unene, inavuja. Na angalieni pembe: upande wa oili mdomo umesimama, nyuzi 40 hadi 50, upande wa hewa umelala, nyuzi 20 hadi 30. Kwa sababu ya tofauti hiyo, oili inayonyemelea kutoka inasukumwa kurudi ndani. Hiki ni kipampu. Ndiyo maana tunasisitiza springi itazame oili. Ukiigeuza, umekiweka kipampu kikitoa oili nje, na kitafanya kazi hiyo kwa bidii.

Niwape kisa kimoja cha pembeni, halafu turudi. Kitu hiki kilizaliwa kwenye kiwanda cha ngozi. Kampuni ya Freudenberg ya Weinheim, Ujerumani, ilikuwa ya watengeneza ngozi, na mhandisi wao Walther Simmer ndiye aliyeitengeneza katika miaka ya 1930, mdomo ukiwa wa ngozi kwanza, mpira ukaja baadaye. Wajerumani mpaka leo wanaiita Simmerring, kwa jina lake. Mimi sili ya ngozi nimeikuta mara moja kwenye mashine kongwe ya kuchambua pamba, imekauka kama kiatu cha marehemu babu, na bado ilikuwa inazuia grisi. Ngozi inavumilia shafti yenye mikwaruzo kuliko mpira. Basi tuliweka ya mpira, ya kisasa, ikavuja ndani ya mwezi. Shafti ilikuwa imeharibika na ngozi ilikuwa inaisitiri. Nilijifunza.

Hii inayofuata, igongeni na kucha. Mnasikia? Inalia kama plastiki. Mpira umekuwa mgumu, umepasuka nyufa ndogondogo, na kwenye mdomo kuna ukoko mweusi. Hiyo ni joto. Oili imekaangwa chini ya mdomo mpaka ikawa mkaa. Mpira wake ulikuwa NBR, tunauita nitraili, ndio mpira wa sili nyingi madukani kwa sababu unaelewana na oili za madini na grisi na bei yake ni ya watu. Lakini mwisho wake ni nyuzijoto 100. Hapo ndipo fundi anaponiambia: "Mama, oili yetu nimepima, ni 80 tu." Umepima oili ya chini ya giaboksi. Pale mdomo unaposugua, joto liko juu ya hapo kwa nyuzi 20, 30, hata 40, kutegemea kasi. 80 yako imeshapita 100 na hujui.

Kwa hiyo lazima tujue kasi, na kasi inayohusika ni ya ngozi ya shafti, mita ngapi zinapita chini ya mdomo kwa sekunde. Chukua kipenyo cha shafti kwa milimita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawa kwa 19,100. Basi, hesabu ya kwenye simu. Mota nyingi tulizonazo huzunguka kama 1,450. Shafti ya 35 inakupa mita 2.7 kwa sekunde, hapo nitraili inalala usingizi. Shafti ya 80 kwenye mota ya 2,900 inakupa mita 12. Hapo mimi nitraili sikuuzii hata ukinililia. Sheria yangu ya dukani ni kwamba ikikaribia mita 10, au oili ikikaribia 90, tunahama mpira.

Kuhamia wapi? Kuna HNBR na akriliki zinazofika kama nyuzi 150. Kuna FKM, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Viton, ingawa Viton ni jina la biashara la mtengenezaji mmoja. Hiyo inafika 200 na kasi kubwa inaiweza. Kuna silikoni, laini, nzuri kwenye baridi na joto, lakini ina adui: oili iliyochakaa na oili za gia zenye dawa za kuhimili mzigo mkubwa zinaila. Kuna PTFE, hiyo ni plastiki, ngumu, inavumilia kemikali nyingi na hata kukosa oili kidogo, ila inadai shafti laini na ngumu na mkono wenye adabu wakati wa kufunga. Na kuna EPDM, kipenzi cha maji ya moto na mvuke. Hiyo ukiitia kwenye oili ya madini inavimba kama andazi. Nilishaona mtu akiitoa inamponyoka mkononi.

Sasa ungamo langu. Kuna mteja alikuja anataka Viton, nikampa sili ya rangi ya kahawia. Nilikuwa nimeinunua kwa jumla, boksi halina maandishi, na mimi kichwani nina imani ya kaunta zote za mji huu kwamba kahawia ni Viton na nyeusi ni nitraili. Ilikaa siku nne. Ilikuwa nitraili iliyotiwa rangi. Nilirudisha fedha, na oili aliyoipoteza nikailipia nusu, maana alikuwa mtu wa haki, hakudai yote. Rangi ni uamuzi wa kiwanda. Kuna Viton nyeusi, kuna ya kijani, kuna nitraili ya bluu. Soma maandishi kwenye sili yenyewe, na kama hayapo, muulize muuzaji karatasi ya alikoinunua. Akianza kukwambia "mama, niamini," ondoka. Hata kama ni mimi.

Hapo hapo, kuna kijana kaniambia wakati wa chai kwamba yeye huzijua kwa kuzichoma na kiberiti: nitraili inawaka, Viton haishiki moto. Mwanangu, nakuomba mbele ya watu, acha. FKM ikiungua inatoa haidrojeni floridi. Ikikutana na unyevu ni asidi inayopenya ngozi na kwenda kushambulia mfupa, tena maumivu yake yanaweza kuchelewa ukadhani umepona. Na hii inawahusu hata wale ambao hawachomi makusudi. Ukifungua mashine iliyoungua, ukakuta sili imekuwa masizi ya kunatanata, usiiguse kwa mkono mtupu wala usiifute kwa kitambaa halafu kitambaa ukaweka mfukoni. Glavu nzito, hewa ya kutosha, na masizi hayo yasafishwe kwa maji ya chokaa.

Tuendelee. Hizi tatu ni za ndugu zetu wa mashine za mpunga. Ziangalieni mdomo, umekuwa mpana na unang'aa, umesagwa. Sili mpya ikigusa shafti huacha mstari wa kama robo ya milimita au chini yake. Hapa unaona milimita mbili. Na shafti yake ilikuwa na mfereji ambao ukipitisha kucha inakwama. Maganda ya mpunga yana silika nyingi ndani yake, ni msasa unaopepea. Vumbi likinata kwenye mdomo wenye oili linakuwa jiwe la kunolea. Hapa namba pekee inaua kabisa, maana 35, 52, 7 ipo yenye mdomo wa vumbi na ipo isiyo nao, na ukubwa ni uleule. Kwenye sili nyingi zinazotoka Asia utaona herufi TC: imevikwa mpira nje, ina springi, ina mdomo wa vumbi. SC ni hiyohiyo bila mdomo wa vumbi. TB nje yake ni chuma kitupu na mdomo wa vumbi upo. Ukiona VC, haina springi, hiyo ni ya grisi na kasi ndogo, usiipeleke kwenye oili. Wajerumani wana herufi zao: A ni mpira nje, B ni chuma nje, na wakiongeza S mdomo wa vumbi upo. Herufi mbili hizo ziandike pamoja na namba unapomtuma mtu. Ni wino kidogo sana.

Ukifunga yenye midomo miwili, jaza grisi katikati ya midomo, si nafasi nzima, kama theluthi moja hivi. Mdomo wa vumbi haupati oili kutoka ndani, kwa sababu mwenzake anaizuia. Ukiuacha mkavu utaungua na kupeleka joto kwa jirani.

Kwenye pamba shida ni nyingine. Nyuzi zinajizungusha kwenye shafti, zinanyonya grisi toka kwenye beringi kama utambi wa kibatari, halafu zinaketi pale zikisubiri cheche. Mdomo wa mpira peke yake hauna ubavu huo. Nawashauri mzuie uzi usifike kwenye sili: kikombe cha bati kinachozunguka na shafti, au kizuizi cha njia za kona kona kisichogusa, halafu sili nyuma yake. Na kufagia. Nitasema tena kufagia, maana msimu ukipamba moto watu wanasahau.

Hii sasa ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonipa mvi. Giaboksi ya mkanda wa kusafirisha minofu. Ukumbi wa kukata minofu mnaujua: kila zamu ikiisha, watu wa usafi wanakuja na mpira wa maji wa presha, maji ya moto, sabuni ya povu na klorini. Wanalenga kila kitu, na kama kuna kitu kinachovuja oili, wanakilenga zaidi kwa sababu ni kichafu. Nilikuwa nabadilisha sili ile kila mwezi. Nilipandisha mpira nikaweka wa gharama, matokeo yaleyale. Mdomo wenyewe ulikuwa mzima! Springi ndiyo ilikuwa imeliwa na kutu mpaka imekatika, na oili ilikuwa chai ya maziwa.

Kilichonitoa ni kukaa pale usiku mmoja nikaangalia wanavyoosha. Sili ya shafti imeumbwa kuzuia kilicho ndani kisitoke. Maji ya presha yakija kutoka nje yanaukuta mdomo kwa mgongo, yanaunyanyua, yanaingia. Mpira wa bei yoyote utanyanyuliwa. Tukaweka vitu vitatu. Sili yenye mdomo wa vumbi na springi ya chuma kisichoshika kutu. Mbele yake pete ya V, ile ya mpira mtupu inayovaliwa na shafti na kuzunguka nayo, mdomo wake ukiegemea uso wa nyumba ya sili. Ikizunguka inatupa maji nje kama mbwa anayejikung'uta. Na mbele ya hiyo, kipande cha bati cha kuzuia mchapo wa maji, nilichokikata mwenyewe, kibaya kwa sura. Hatukuigusa tena mwaka ule. Gharama kubwa katika hayo yote ilikuwa soda niliyowanunulia watu wa usafi ili wasilenge pale.

Kuna mzee hapa mbele anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema, mzee wangu: shafti. Nakuja.

Mdomo una mwenzake, na mwenzake ni shafti. Unaweza kununua sili ya Ujerumani ukaioza kwa shafti iliyokwaruzika, ndoa haidumu. Uso wa shafti pale mdomo unapokaa unatakiwa uwe na ulaini wa Ra, yaani kipimo cha ukwaru wa uso, kati ya mikroni 0.2 na 0.8. Oneni, kuna kikomo cha pande zote mbili. Ikiwa mbaya sana inasaga mpira. Ikiwa kioo kabisa, utando wa oili hauna pa kushika, mdomo unakauka. Ugumu wake uanzie 45 kwa kipimo cha Rockwell C, na kama kasi imepita mita 4 kwa sekunde au kuna uchafu, 55 au zaidi. Shafti laini inaliwa na mpira. Wanafunzi hawaamini mpaka waone mfereji.

Na sasa msasa. Fundi anakuta shafti ina kutu kidogo, anachukua kipande cha msasa, anawasha mashine, anausogeza kushoto kulia kwenye shafti inayozunguka. Inang'aa, anafurahi. Amechora skrubu. Mistari ile ni myembamba huioni, lakini imelala mshazari kama nyuzi za bolti, na shafti ikizunguka inakokota oili toka ndani kwenda nje, ikipita chini ya mdomo. Ajabu yake ni kwamba ukigeuza mzunguko, inaacha kuvuja. Ukikutana na mashine inavuja ikienda mbele na haivuji ikirudi nyuma, tafuta aliyeshika msasa. Kama ni lazima, shika msasa mahali pamoja, usiusogeze pembeni. Na kwenye mashine ya kukereza, mwambie mwenye mashine amalizie kwa kusaga kwa jiwe linaloingia moja kwa moja, lisitembee.

Mfereji ukishakuwepo, zipo njia tatu. Ya bure: ibonyeze sili mpya milimita mbili tatu ndani zaidi au nje zaidi, au weka pete ya kuisogeza, mdomo ukae penye ngozi nzima, mradi nafasi ipo. Ya pili, vika shafti soksi ya chuma nyembamba, zinauzwa, unene wake ni kama robo ya milimita, na sili haibadiliki ukubwa. Ya tatu, jaza na kukereza upya. Vijana wanakimbilia ya tatu kwa sababu inaonekana ya kishujaa.

Maiti pia itakuambia kama shafti imekaa kombo, na hili lisikilizeni kwa makini maana mafundi wazima wanalichanganya. Mdomo ukiwa umelika upande mmoja sana na upande wa pili haujaguswa, huku alama kwenye shafti ni sawa mduara mzima, basi shafti haiko katikati ya tundu. Tatizo ni nyumba, au sili imeingia upande. Ikiwa kinyume, mdomo umelika sawasawa pande zote, mpana, na shafti ina alama upande mmoja, basi shafti yenyewe inacheza: imepinda, au beringi imekwisha. Ukibadilisha sili bila kubadilisha beringi iliyokwisha, mimi nakushukuru, utakuwa mteja wangu wa kudumu.

Harakaharaka kuhusu inchi. Kanda hii tuna mashine kongwe za Kiingereza. Shafti ya inchi moja na nusu ni milimita 38.1, na sili ya 38 inaingia, mdomo ni mpira, unasamehe. Tundu halisamehe. Inchi mbili na robo ni 57.15, ukibonyeza sili ya 57 pale, mshiko uliobaki ni kidogo mno, na oili inapita nje ya sili, mgongoni, wakati wewe unalaumu mdomo. Pima tundu lenyewe kwa vernia, sehemu mbili zilizopishana. Usipime sili uliyoing'oa kwa bisibisi, hiyo imeshakuwa yai. Na nyumba ikiwa ya aluminiamu chagua iliyovikwa mpira nje, kwa sababu aluminiamu ikipata joto inatanuka kuliko chuma na sili ya chuma kitupu inalegea.

Kufunga mnakujua, sitawachosha. Paka oili mdomoni. Funika njia ya ufunguo, ule mkato uliochongwa kwenye shafti, kwa plastiki au utepe wa karatasi wenye gundi. Hizi nane hapa zimekatwa na njia ya ufunguo kabla hata mashine haijawashwa. Bonyeza kwa bomba linalolingana na ukingo wa nje, isiingie kombo. Nyundo moja kwa moja juu ya sili, hapana.

Na sisi wa madukani tusijisahau. Sili inayoning'inizwa kwenye msumari mlangoni, jua la Mwanza likiipiga tangu asubuhi, mdomo unavutwa unakuwa yai na mpira unapasuka kabla haujauzwa. Nilikuwa naning'iniza, zilipendeza. Sasa ziko kwenye boksi, gizani, mbali na mota.

Ya mwisho ndooni ni hii. Ipitisheni kwa kila mtu. Tafuteni kosa. Mdomo laini, mstari mwembamba, springi nzima, hakuna ufa. Kikaratasi changu kimeandikwa: giaboksi, imevuja, imebadilishwa mara nne, sili zote nne nzima. Wa kwanza alisema feki. Wa pili alisema ukubwa siyo. Nikaenda mwenyewe. Giaboksi ilikuwa imepakwa rangi mpya, ya kijani, nzuri, mgeni rasmi alikuwa anakuja kutembelea kiwanda. Fundi rangi alipaka kila kitu, pamoja na kale katundu ka kupumulia juu ya giaboksi. Mashine ikipata joto hewa inatanuka, haina pa kutokea, inasukuma mdomo. Sili hizi za kawaida hazijaumbwa kwa presha. Hata presha isiyofika nusu baa ni mgeni mkubwa kwake. Nilichukua sindano ya jiko la mchina nikatoboa rangi. Ilitoa mluzi mrefu, tukacheka wote.

Haya, ndoo ipite. Kila mmoja achukue moja, asisome kikaratasi kwanza, aniambie imekufa kwa nini. Tuanze na yule wa nyuma anayejificha.